Nani Alimuuliza Bugonoka?

Riwaya ya Aniceth Kitereza niliisoma mara ya kwanza kwa ajili ya mtihani. Mwalimu alitutaka tuorodheshe mila za Wakerewe zinazojitokeza humo: ndoa, uvuvi, upikaji wa pombe ya ndizi, uganga, mazishi. Niliorodhesha, nikapata alama nzuri, nikarudisha kitabu maktaba. Kama ungeniuliza siku ile Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ni kitabu kinachohusu nini, ningekujibu bila kusita kwamba kinahusu mila.

Zaidi ya miaka kumi baadaye nimekisoma tena, juzuu zote mbili, katika chumba na sebule tulichopanga mimi na mke wangu hapa Mkuyuni. Safari hii sikuwa na mtihani. Tuna mwaka wa sita katika ndoa na hatujapata mtoto. Naitaja habari hiyo kwa sababu ndiyo iliyonirudisha kwenye kitabu, na bila hiyo nisingekuwa na la kusema juu yake.

Masika yaliyopita shangazi yangu alikuja kutoka Ukerewe kwa meli ya Nansio, akafikia kwetu. Siku mbili alikula, akasali, akatuombea, hakugusa jambo. Siku ya tatu aliniita nyuma ya nyumba, kwenye jiwe kubwa ambalo wapangaji wote tunaanikia nguo na dagaa. Anayeijua Mwanza anajua kwamba hapa jiwe halihamishwi, nyumba ndiyo hujengwa kulizunguka. Akakaa, akanivuta mkono nami nikae.

"Baba," akaniambia, maana mimi ni mtoto wa kaka yake, "sisi hatumchukii mwenzio. Hata kidogo. Lakini wewe, furaha yako iko wapi?"

Nilijua anachomaanisha. Alimaanisha nikatafute mtoto kwingine. Lakini swali lenyewe, nje ya alichokimaanisha, lilikuwa swali halali, na nilikosa jibu. Nilibaki nikitazama magari yanavyosogezana Barabara ya Kenyatta kuelekea Butimba kana kwamba mojawapo lingeshusha abiria mwenye jibu langu.

Vijana wa rika langu tunaulizwa swali hilo kila kukicha, ila kwa sauti tamu zaidi. Fungua simu, utakuta mtu amevaa suti anakuambia utafute kinachokufurahisha wewe binafsi, uachane na mengine. Wengine wanakupa na zoezi kabisa: andika mambo kumi yanayokupa furaha. Nililifanya zoezi hilo. Niliandika chai ya tangawizi, Pamba ikishinda nyumbani, upepo wa ziwani saa kumi na moja jioni, na mengine saba ya aina hiyo. Yote yalikuwa kweli. Lakini ningemsomea shangazi orodha ile pale jiweni, angenihurumia kuliko alivyokuwa ananihurumia tayari.

Basi nikarudi kwenye vitabu, na kama kijana msomi yeyote wa nchi hii aliyebanwa na swali la furaha, nilianza na Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1974. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye kwao ni Ukerewe, na kila anachokutana nacho anakihoji: dini, ndoa, wazazi, elimu yenyewe. Tulipokuwa chuoni tulimpenda kwa sababu alitamka tuliyokuwa tunayanong'ona bwenini. Ukimsoma ukiwa umepita miaka thelathini, unaona jambo jingine. Kazimoto anakijua kwa undani anachokichukia, lakini anachokitaka hakijui. Kwa sehemu kubwa ya riwaya kinachomsukuma ni kisasi. Manase, ambaye sasa ni mkuu wa wilaya, amempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na Kazimoto anapanga kumlipa kwa kumharibu Sabina, dada yake Manase. Kwa maneno mengine, hata tamaa yake ameiazima kwa adui yake. Anapojikuta amempenda Sabina kweli, na kumwoa, furaha inamfikia kama mgeni aliyepotea njia, naye hajui amkaribishe wapi. Mwisho tunaujua: anajiua.

Sisemi Kezilahabi alikosea. Alikipiga picha sahihi kizazi ambacho shule ilikifundisha kuuliza maswali makubwa na haikukirudishia mahali pa kukaa nayo. Ninachosema ni kwamba Kichwamaji kinaichukulia furaha kama hitimisho la hoja. Kazimoto anadhani akiwaza vya kutosha, mwisho wa mawazo atakuta sababu ya kuishi imemkalia mezani. Hoja inapogoma kufika huko, anaona ni maisha yaliyogoma. Wengi wetu tunawaza hivyo hivyo, na hata yule mtu wa suti kwenye simu anawaza hivyo hivyo, ila yeye anatabasamu. Wote wawili wanatuambia kwamba jibu limo ndani ya kichwa chako, kaa chini ulitafute.

Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944. Mwaka uliofuata, katika kisiwa hicho hicho, Kitereza, mtu mzima aliyekaribia miaka hamsini, alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe. Alisema wazi lengo lake lilikuwa kuwahifadhia vizazi vya baadaye desturi za Wakerewe wa zamani. Mswada ulikaa miaka na miaka bila mchapishaji. Aliutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikauchapa. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Mwaka 2002 Mkuki na Nyota ikatoa tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine wa Ukerewe, aliyeifanya moja kwa moja kutoka kwenye Kikerewe.

Hivyo riwaya ya mzee iliandikwa kabla ya Kichwamaji na ikatoka baada yake, na nadhani mpangilio huo umeiponza. Ilipotufikia tulishazoea kwamba riwaya ya kisasa ni ile yenye mtu anayehangaika na nafsi yake, na ya Kitereza tukaiweka kwenye rafu ya mila. Mwalimu wangu hakuwa peke yake.

Sasa tazama kinachotokea humo. Myombekere na Bugonoka wameoana na hawana mtoto. Ndugu za mume wanachoka kusubiri, wanamsema vibaya mke, na wanamtaka Myombekere aoe mwingine. Wazazi wa Bugonoka wanapopata habari kwamba mtoto wao anadhalilishwa, wanakuja kumchukua. Kwa mila zile, jambo lingeweza kuishia hapo. Mume ana sababu inayokubalika na ukoo, hana deni la kuomba radhi, na njia ya kupata mke mwingine iko wazi. Kila mtu anayempenda anamwonyesha furaha yake ilipo. Yeye anabaki peke yake kwenye kaya yake, na kazi za nyumbani ambazo mwanamume wa Kikerewe wa wakati ule hakuzizoea, na ukimya. Halafu anachukua njia na kwenda ukweni kumfuata mke wake.

Kwenye mtihani niliandika kwamba safari ile inaonyesha desturi ya kusuluhisha migogoro ya ndoa. Ni kweli, inaionyesha. Lakini desturi haikumlazimisha aende. Desturi ilimpa mlango wa kutokea, na yeye hakuutumia. Hakuna ukurasa ambapo Myombekere anakaa chini ya mti na kujiuliza nini kinamfurahisha. Anagundua kwa kukikosa. Na akishagundua, hakitangazi. Anakifuata kwa miguu, na ukweni anaambiwa bei.

Bei ni pombe ya ndizi. Wakwe wanamtoza faini ya pombe kabla ya kumrudishia mke, na hapo ndipo wasomaji wengi wa leo wanapokichoka kitabu, maana Kitereza hatuachii hata hatua moja. Pombe ile haipikwi kwa haraka. Ndizi hukatwa, huivishwa kwa siku kadhaa, humenywa, hukamuliwa kwa nyasi, juisi huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, kisha husubiriwa ichachuke. Mtu mmoja hawezi. Lazima uombe watu wakusaidie, na ukishawaomba watu, kila mmoja atajua unachokitafuta. Nilipokuwa mwanafunzi niliruka kurasa zile. Safari hii nilizisoma polepole, na nikaona ndipo riwaya inapojibu swali la shangazi. Mtu ambaye hana uhakika na anachokitaka anao muda mrefu wa kughairi, tangu ndizi ikiwa mbichi mpaka pombe ifike ukweni. Myombekere haghairi. Mbele ya majirani, na mbele ya ndugu wale wale waliomwambia aoe mwingine, anaendelea.

Kazimoto angeicheka pombe ile. Lakini tukiwaweka wawili hao kwenye mizani, tofauti yao naiona si ya elimu na ujinga. Myombekere ana kitu cha kufanya kesho asubuhi kwa ajili ya anachokipenda. Kazimoto ana hoja tu.

Kuna mambo mawili ambayo mhakiki mkweli hawezi kuyapita.

La kwanza ni kwamba Kitereza anawalipa. Baada ya uganga na subira ndefu, Bugonoka anazaa, kwanza Ntulanalwo, kisha Bulihwali. Msomaji anaweza kufunga kitabu akasema, unaona, walivumilia, Mungu akawapa. Mimi mwisho huo ulinichoma, sitaficha. Nilihisi kama mtu niliyekaa naye kwenye foleni ya zahanati kisha yeye akaitwa na mimi nikabaki benchini. Na kama somo la kitabu ni kwamba uaminifu huzaa mtoto, basi ni kitabu cha uongo kwa watu kama sisi.

Lakini uamuzi wa Myombekere unakuja kabla ya watoto, na unakuja bila ahadi. Anapokwenda ukweni anamfuata mwanamke ambaye, kwa wanavyojua wote, hatazaa. Kitereza angeweza kuiandika safari ile ikitanguliwa na mganga mwenye habari njema, hakuandika hivyo. Na liko jambo jingine, lililo nje ya riwaya. Kitereza na mkewe waliwapoteza watoto wao wote wakiwa wadogo. Alikuwa Mkatoliki, alibaki na mke wake huyo huyo mpaka uzeeni, na akawaandikia watu wawili wa kubuni watoto ambao yeye hakubaki nao. Nikilijua hilo siwezi tena kuusoma mwisho ule kama malipo. Nausoma kama zawadi kutoka kwa mtu ambaye yeye mwenyewe hakuipata, na ambaye hata hivyo hakuondoka nyumbani kwake.

Jambo la pili sikuliona mwenyewe. Jioni moja mvua ilikuwa imekata umeme, tumekaa na mshumaa, nikamsimulia mke wangu riwaya nzima. Nilisimulia vizuri, nadhani hata kwa kujivuna kidogo. Nilipofika kwenye pombe nilikaza sauti. Nilitaka aelewe bila mimi kusema kwamba namimi ni Myombekere wake, kwamba shangazi alinionyesha mlango pale jiweni na mimi sikuutumia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaukwangua mshumaa kwa ukucha.

"Na Bugonoka je?" akasema. "Nani alimuuliza?"

Nilianza kumjibu. Nikasema Bugonoka anampenda mumewe, inaonekana wazi, anafurahi akirudi. Akasema, "Sijauliza kama alifurahi. Nimeuliza nani alimuuliza."

Nilikirudia kitabu kwa swali hilo, na ana haki. Bugonoka wa Kitereza si kivuli. Ana akili, ana ulimi, ana huzuni yake, na mwandishi anamtazama kwa heshima ambayo riwaya nyingi za wanaume wa kizazi chake hazina. Lakini katika jambo linalomhusu kuliko yeyote, mazungumzo yanakwenda juu ya kichwa chake. Baba yake anamchukua kwa kuwa heshima ya nyumba imeguswa. Mume anamfuata kwa kuwa nyumba imekuwa tupu. Faini inatajwa, inapikwa, inanywewa. Yeye anasubiri matokeo. Tunajua anakotaka kuwa kwa sababu Kitereza anatuonyesha, si kwa sababu kuna mtu ndani ya hadithi aliyemuuliza na kumsubiri ajibu. Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya riwaya ukiisoma kama kitabu cha furaha, kubwa kuliko urefu wake. Inamjua mtu mmoja anayegundua furaha yake, na inadhani imewajua wawili.

Kichwamaji hakimsaidii mwanamke zaidi. Sabina na Rukia wanateseka ili Kazimoto awaze. Lakini Kezilahabi alikwishaligusa jambo hilo katika riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ya mwaka 1971, ambayo mwanzoni ilizuiwa mashuleni. Rosa analelewa kwa ukali wa baba ambaye hataki kusikia habari za mvulana, na anapopata uhuru hana hata chembe ya mazoea ya kujua anachokitaka, maana hakuna aliyewahi kumuuliza. Uhuru unammaliza. Ninaposoma vitabu hivi vya kisiwa kimoja pamoja, naona vinakamilishana. Kitereza anatuonyesha kwamba furaha hujulikana kwa kile ulicho tayari kukifuata na kukilipia mbele za watu. Rosa anatuonyesha kinachompata mtu ambaye hajawahi kuruhusiwa hata kuinua mguu.

Kwa hiyo nilimuuliza mke wangu. Si usiku ule, maana usiku ule nilikuwa nimenuna. Ilipita wiki. Tulikuwa tunatoka sokoni, mimi nimebeba ndizi, naye amebeba sato kwenye mfuko, nikamuuliza njiani, kama mtu anayeuliza bei: wewe unataka nini? Nilitarajia jambo kubwa. Nilijiandaa hata kwa lile ninaloliogopa, kwamba amechoka, kwamba anataka kurudi kwao.

Alifikiri mpaka tukafika nyumbani. Akasema anataka mwaka huu asipimwe tena. Hospitali yoyote, mtaalamu yeyote, mganga yeyote, hata yule wa bure anayeletwa na watu wa kanisani. Mwakani tutaona. Na anataka Jumapili tuwe tunakwenda misa ya kwanza, kwa sababu baada ya misa ya pili kina mama hukaa nje ya kanisa na wanamtazama tumbo kabla hawajamsalimia.

Miaka sita nilikuwa nikijihesabia wema wa kubaki, na kila Jumapili nilikuwa nikimpeleka misa ya pili kwa kuwa mimi napenda kulala.

Sijui kama hiyo ndiyo furaha. Mtu wa suti angesema ni ndogo mno kuingia kwenye orodha. Ila tangu hapo tunaamka saa kumi na moja alfajiri, tunashuka kabla jua halijayapasha mawe moto, na tunaporudi barabara bado iko tupu, yeye huimba njia nzima. Sikuwahi kuijua sauti yake ya asubuhi. Ni gharama ndogo kuliko pombe ya ukweni, lakini nailipa kila wiki, na hata siku zile usingizi unaponishika sijaghairi.

Kwa anayetaka kusoma Kitereza, ushauri wangu ni kwamba usimsome kwa kuorodhesha mila. Asikutishe unene wake. Zipo kurasa zitakazokuchosha, hasa katika juzuu ya pili, ambapo mwandishi anakumbuka jukumu lake la kuhifadhi na kuwasahau wahusika. Ziruke ukipenda, lakini usiiruke pombe. Na ukimaliza, mpe mtu unayeishi naye naye akisome, kisha usimweleze kinahusu nini.

Mke wangu yuko juzuu ya kwanza. Amefika kwenye ndizi na analalamika kwamba haziivi.

Shangazi alipiga simu juzi. Baada ya salamu ndefu aliuliza tena, kwa upole, lile swali lake. Nikamwambia, "Subiri, Shangazi, nakupa mwenye nyumba umuulize." Mke wangu aliipokea simu, akamwamkia, akatoka nayo nje mpaka kwenye jiwe. Walizungumza mpaka salio likaisha. Aliporudi hakuniambia walichosema, na mimi safari hii sikutaka kumsemea.